Unalala Wapi? Hesabu ya Kitanda Kibera na Kawangware

Shuka stejini Kawangware, msimamishe mtu wa kwanza umuulize, "Samahani ndugu, hoteli nzuri iko wapi hapa?" Atakuelekeza kwenye chapati. Wala hajakosea. Katika sehemu kubwa ya Kenya hoteli ni mahali pa kula: benchi mbili, sufuria ya maharagwe, birika la chai na bei zilizoandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta. Mahali pa kulala panaitwa lojing'i, na neno hilo lina sifa yake, tena si nzuri, hivyo watu wa heshima wanaokuja Nairobi kwa siku mbili tatu huona haya hata kulitamka. Wengi huishia kwenye kochi la binamu, au hulipa pesa nyingi katikati ya mji kwa chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Na wanaokuja ni wengi. Kuna mama wa Vihiga mwenye barua ya rufaa ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kuna mwalimu anayefuatilia faili yake kwenye tume ya walimu, TSC, Upper Hill, na kijana wa Kwale anayengoja pasipoti Nyayo House. Kuna msichana anayepimwa afya kabla ya kusafiri kwenda kazi Saudia, na mwenye duka la mitumba anayetaka kuwa soko la Toi kabla wenzake hawajachambua nguo zote nzuri. Hawa hawachagui kati ya nyota nne na nyota tano. Hilton ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1969, ilifunga milango mwishoni mwa 2022, na InterContinental ilikuwa imeitangulia 2020. Sidhani kama hata mmoja wao alitikisika. Wao wanachagua kati ya lojing'i ya ghorofani Kawangware, gesti ya upande wa Olympic kule Kibera, hosteli ya kanisa, nyumba ya kukodi kwa siku, na hilo kochi la binamu.

Nimelala katika zote, nyingine kwa hiari na nyingine kwa kukosa la kufanya. Kosa ninaloliona likirudiwa ni moja: mgeni anauliza bei ya kitanda, analinganisha bei ya kitanda, kisha anashangaa kwa nini pesa zimeisha siku ya tatu. Kitanda cha shilingi 800 kinaweza kukutoa pesa nyingi kuliko cha shilingi 1,000. Nitakuonyesha hesabu, lakini kwanza tuyajue maeneo yenyewe.

Kibera iko takriban kilomita 7 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Jina ni la Kinubi, lenye maana ya msitu, kwa kuwa ardhi hii walipewa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ilikuwa msitu kweli. Leo ni vijiji vingi vilivyobanana: Makina, Kianda, Soweto, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Silanga, Mashimoni, Laini Saba. Pembeni yake, na mara nyingi kwa jina hilohilo la Kibera, ziko Olympic, Ayany, Karanja na Fort Jesus, ambazo ni nyumba za mawe na maghorofa. Kwa hiyo mtu akikwambia ana gesti Kibera, muulize: Kibera gani? Vijiji vya ndani, vya kuta za udongo na mabati, si vya wageni wa usiku mmoja; vyumba vyake, vile vya futi kumi kwa kumi, hukodishwa kwa mwezi kwa wenyeji. Gesti zinazoweza kumfaa mgeni ziko kandokando ya barabara za lami, upande wa Olympic, Ayany na Makina, na pia ukivuka kuelekea Golf Course na Kenyatta Market.

Makina ndiko nitakakompeleka mgeni Mwislamu kutoka Pwani. Msikiti uko karibu, chakula halali si jambo la kuuliza-uliza, na jioni utapata mtu anayeongea Kiswahili kisichokuchosha masikio.

Kawangware iko mbele zaidi, magharibi, ukishavuka Lavington. Ukiwa kwenye Gitanga Road unatoka kwenye ua za michongoma na milango ya rimoti, na dakika chache baadaye uko katikati ya mikokoteni, mahindi choma na vipaza sauti vya wahubiri. Mahali hapa panaitwa kwa namba za matatu: kuna 46, kuna 56, halafu Congo, Gatina, Kabiria. Lojing'i ni nyingi kuliko Kibera, zaidi kwenye maghorofa ya barabarani, na nyingi ziko juu ya baa. Kuna jambo moja linaloipa Kawangware uzito kwa watu wa Magharibi: wenyeji wengi ni wa kutoka huko, na kuna mabasi ya usiku yanayochukua abiria hapohapo. Anayerudi Kakamega au Busia hahitaji kuburura mizigo hadi River Road saa mbili usiku.

Kuhusu njia za kufika mjini sitakuchosha. Matatu namba 46 hupita Valley Arcade, Yaya, Hurlingham na Valley Road. Namba 8 huenda Kibera. Nauli ya mchana si nauli ya jioni, na nauli ya jioni si nauli ya jioni ya mvua. Treni ya abiria ya njia ya Kikuyu husimama Dagoretti na Kibera, asubuhi kwenda mjini na jioni kurudi. Ni rahisi, nayo haijui foleni. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, ile inayopita juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, haikusaidii chochote upande huu, hata dereva wa teksi akikuambia vingine. Iliyosaidia kweli ni barabara iliyokatwa katikati ya Kibera baada ya ubomoaji wa Julai 2018, ambayo wengine waliilipia kwa nyumba zao: imeunganisha upande wa Ngong Road na Lang'ata Road, na gari linafika mahali ambapo zamani ulishuka ukatembea.

Sasa hesabu.

Niliijua kwa kumsindikiza shangazi yangu aliyekuja Kenyatta kwa matibabu ya mionzi. Mionzi hutolewa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na mgonjwa anayeweza kutembea halazwi wodini. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inahusika na matibabu. Kitanda cha nje ya hospitali ni cha mfuko wako. Wiki ya kwanza nilimpeleka lojing'i moja Kawangware kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu basi lilitushusha karibu. Tulifika saa kumi jioni, tukalipa, tukaonyeshwa kiti cha plastiki kwenye ukumbi mwembamba.

"Shosho, ngoja kidogo," kijana wa mapokezi alimwambia. "Chumba kitatoka saa mbili."

"Kitatoka kwenda wapi?" shangazi akauliza.

Kijana akanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Shangazi ni mama wa kanisa wa miaka 63, na hakuna njia nzuri ya kumweleza kwamba lojing'i nyingi hupata faida yake mchana, kwa wateja wa saa moja, na kwamba mteja wa kulala huingia wale wakishamaliza. Alielewa mwenyewe pale mlango ulipofunguka. Hakusema neno, alitoa leso yake kwenye mkoba akaitandika juu ya shuka.

Mambo mengine yalifuata. Maji ya moto yalikuwa ya karai, shilingi 50. Bafu lilikuwa moja kwa vyumba vinane. Muziki wa baa ya chini ulikatika saa nane usiku. Na asubuhi, foleni ya Ngong Road.

Wiki ya pili tulihamia Olympic, chumba cha 1,000 chenye choo ndani. Nilidhani ninaongeza gharama kwa ajili ya heshima ya shangazi. Jumamosi nilipokaa na kalamu nikaona vingine. Bei ninazotumia hapa ni za mfano wa hesabu. Wewe weka zile utakazoambiwa siku yako.

Chukua watu wawili, usiku tano. Kawangware: kitanda 800 kwa usiku, jumla 4,000. Matatu, tuseme wastani wa 70 kwa mtu, kwenda na kurudi wote wawili ni 280 kwa siku, 1,400 kwa siku tano. Mgonjwa hatembei kutoka anaposhushwa hadi hospitali, kwa hiyo bodaboda ya 100 asubuhi na 100 kurudi: 1,000. Chai na mandazi ya asubuhi, ugali wa jioni, 420 kwa siku kwa wawili: 2,100. Maji ya kuoga ya moto na ya kunywa, 100 kwa siku: 500. Jumla 9,000.

Olympic: kitanda 1,000 kwa usiku, jumla 5,000, maji ya moto yakiwemo. Matatu 50 kwa mtu, 200 kwa siku: 1,000, na kipande kilichobaki shangazi alikitembea mwenyewe polepole. Chakula kilekile, 2,100. Maji ya kunywa 250. Jumla 8,350.

Kitanda kimepanda kwa 1,000 na gharama imeshuka kwa 650. Sijahesabu saa. Kwa mgonjwa anayetakiwa kuwa kwenye mashine kwa wakati aliopangiwa, saa moja barabarani ina bei yake.

Je, gesti za Kenyatta Market na Golf Course, ambako hospitali ni mwendo wa miguu? Tuseme 1,500 kwa usiku: 7,500 kwa usiku tano, nauli hakuna. Chakula kitapanda kidogo, kwa sababu Kenyatta Market ni soko la nyama choma na harufu yake haimwachi mtu apite na maharagwe akilini, weka 2,500. Jumla 10,000. Ni 1,650 zaidi ya Olympic. Kwa mwenye nguvu zake sioni sababu. Kwa mgonjwa wa wiki ya nne au ya tano, ambaye ngozi imeanza kuungua na miguu haina nguvu, ningelipa bila kuuliza mara mbili. Wanaofuata Hospitali ya Mbagathi nao, hesabu yao ni hiyohiyo.

Lakini kama daktari amesema wiki sita, acha kabisa habari ya lojing'i. Usiku 40 kwa 1,000 ni shilingi 40,000. Kodi chumba cha kawaida cha ghorofani, tuseme 6,000 kwa mwezi, miezi miwili ni 12,000. Godoro, blanketi, meko ya gesi na sufuria mbili, weka 10,000, na siku ya kuondoka mbili tatu kati ya hizo utaziuza kwa jirani. Ni 22,000, na unajipikia. Kuna amana ya mwezi mmoja, ambayo kwa haki hurudishwa, ingawa wenye ploti wengi wana kipaji cha kukumbuka rangi ya ukuta wakati wa kurudisha amana ukifika. Hata ukiipoteza yote bado umebaki chini ya lojing'i kwa 12,000. Uliza maji huja siku gani na tokeni ya stima ni ya mita yako au mnagawana; hayo mawili ndiyo yanayoleta ugomvi.

Hosteli za kanisa ni dunia nyingine. Ziko karibu na maeneo haya kuliko watu wanavyofikiri: Methodist Guest House iko Lavington, pua na mdomo na Kawangware, Flora Hostel ya masista wa Consolata iko Fifth Ngong Avenue, ACK Guest House iko Bishops Road. Utapata shuka nyeupe, kifungua kinywa, geti linalolindwa, bustani, na ukimya. Hakuna pombe. Bei ni mara kadhaa ya lojing'i: hata ukiweka 5,000 kwa chumba cha wawili, usiku tano ni 25,000. Aliyetumwa na mwajiri anayelipa, au mzee anayekuja usiku mmoja kwa shughuli isiyotaka aamke amechoka, aende huko moja kwa moja. Pia mwanamke anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza Nairobi. Hapo sitahesabu shilingi. Piga simu mapema, maana wakati wa mikutano ya makanisa na ya mashirika vyumba huisha.

Hapo pia ndipo utakapokutana na kodi. Hoteli iliyosajiliwa hutoza VAT ya asilimia 16, na kuna ada ya utalii ya asilimia 2. Uliza kama bei uliyopewa imejumuisha vyote. Shilingi 5,000 ikiongezewa asilimia 18 ni 5,900, na kwa usiku tano tofauti hiyo ni 4,500, zaidi ya bei ya kulala usiku tano Kawangware. Kwenye lojing'i hutaulizwa VAT. Bei utakayotajiwa ndiyo utakayolipa, isipokuwa hilo karai.

Nyumba za kukodi kwa siku, zile za Airbnb na za matangazo ya WhatsApp, zimejaa kando ya Ngong Road, Kilimani na hata Kawangware yenyewe. Ni nzuri kwa familia ya watu wanne: mnapika, mnafua, watoto wana mahali pa kukimbia. Kwa mtu mmoja sizipendi sana, na sababu si bei. Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa Nairobi katika nyumba za aina hii, serikali iliwataka wenye nyumba hizo wajisajili kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Uliza usajili. Uliza kama kuna mlinzi wa geti anayeandika majina. Lojing'i mbovu kabisa ina jambo moja ambalo nyumba hizi hukosa: kuna mtu macho mapokezini usiku kucha, na daftari lina namba ya kitambulisho cha kila aliyepanda ngazi.

Halafu kochi la binamu. Watu husema ni bure. Si bure, na anayelala huko akidhani ni bure ndiye mgeni asiyealikwa tena. Huingii nyumba ya mtu Nairobi mikono mitupu: unga pakiti mbili, sukari, mafuta, nyama kilo moja, sabuni, kitu cha watoto, tayari 1,500. Kila jioni ukirudi, maziwa na mboga, 200. Siku tano ni 1,000. Siku ya kuaga unamwachia mama watoto 500 ya chai. Ongeza nauli ya 1,000 na umefika 4,000. Ni karibu nusu ya Olympic, kweli. Lakini chumba ni futi kumi kwa kumi, pazia moja katikati, na ukilala wewe kwenye kochi mtoto wa darasa la sita amelala chini, na yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja kwenda shule. Maji ya kuoga kwako ni mtungi wa lita 20 ulionunuliwa kwa mwenye bomba na kubebwa na shemeji. Choo ni cha ploti nzima. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe, na wao walikuwa na boma na ghala. Usiku mmoja au mbili, lala kwa jamaa, mle, mcheke, mpeane habari za nyumbani. Ukizidi hapo, lala gesti na uende kwa jamaa kula chakula cha jioni na zawadi yako mkononi. Undugu utadumu zaidi.

Turudi kwenye lojing'i, kwa kuwa ndiko wengi watakakolala, na mahali pa kuchagua vizuri ni kabla ya kulipa. Omba kuona chumba. Anayekataa kukuonyesha amekujibu. Ukiingia, usitazame televisheni. Inua godoro pembeni utazame mishono yake kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ni kunguni, na hakuna bei inayokufaa hapo, kwa sababu utawabeba hadi nyumbani. Fungua bomba. Kama maji hayaji sasa, yatakuja lini? Mtungi wa maji uliojaa bafuni ni ishara ya mwenyeji mkweli: anajua bomba lake. Shawa za umeme zinazofungwa kwenye kichwa cha bomba zina tabia ya kukupa mtetemo usiouomba. Vaa malapa ya raba na usiguse bomba la chuma ukiwa na maji mwilini. Mgeni wa Pwani aulize habari ya blanketi la pili, hasa Juni hadi Agosti. Nairobi ya Julai haina utani, na shuka moja ya lojing'i haikushonwa kwa ajili ya mtu wa Likoni.

Tazama mlango una komeo la ndani. Beba kufuli yako ndogo. Hesabu ngazi za kushukia; kama ni moja na madirisha yote yana vyuma, omba chumba cha ghorofa ya kwanza. Uliza baa ya chini hufungwa saa ngapi, kisha usiamini jibu, mwulize muuza mayai aliye nje. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, epuka chochote kilicho chini kuelekea mto na Bwawa la Nairobi. Mafuriko ya 2024 yaliwaonyesha watu wa Kibera maji yanavyopanda kwa usiku mmoja. Lipa kwa namba ya till yenye jina la biashara, si kwa simu ya kijana wa zamu. Mteja hakatwi ada kwa till, na ujumbe wa M-Pesa ndio risiti yako akija wa zamu ya asubuhi kudai hujalipa.

Kuna usiku mmoja usio na haja ya kuulipia. Treni ya usiku kutoka Mombasa, ambayo daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, hufika Syokimau kabla hakujapambazuka. Watu hukimbilia teksi, wakalipa chumba, wakalala kwa saa mbili tu, wakatolewa saa nne asubuhi. Kaa stesheni mpaka kupambazuke, kunywa chai, nenda kwenye shughuli yako, na uchukue chumba jioni. Ukiwa na mizigo, gesti nyingi zitakuwekea mfuko mapokezini kama umeshapiga simu na kulipa usiku unaofuata.

Na kama safari yako ni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, angalia tarehe za maonyesho ya kilimo ya Jamhuri. Uwanja uko kati ya Kibera na Ngong Road, na wiki ile gesti za Olympic hujaa wenye vibanda.

Hukumu yangu, basi, kwa mwenye pesa za kawaida. Anayefuata hospitali, Kenyatta au Mbagathi, alale Olympic au Ayany, na akizidiwa asogee Kenyatta Market. Mwenye shughuli Lavington au Hurlingham, au anayeunganisha basi la Magharibi, alale Kawangware, kwenye lojing'i isiyo na baa chini; zipo, ziko mitaa ya nyuma ya barabara kubwa, na wenye kuzijua ni akina mama wauza mboga. Mnunuzi wa Toi alale Makina, karibu na soko. Mwenye shughuli Nyayo House asije huku kabisa kama anakaa usiku mmoja tu. Nauli na foleni zitamla faida. Mgonjwa wa wiki sita akodi chumba.

Ukipiga simu, uliza kwanza saa ya kuingia, bei uulize baadaye. Wakikujibu kwamba chumba ni chako kuanzia saa sita mchana na hakuna mtu mwingine atakayekitumia siku hiyo, lipa.